Chagua tarehe kwanza: majani mekundu kutoka Kyoto hadi Urambo

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi wa mitambo ya barafu katika kiwanda cha minofu hapa Ilemela. Nimepata nafasi ya mafunzo Japani, nitakaa Osaka kuanzia mwisho wa Septemba mpaka tarehe 5 Desemba. Mwenzangu aliyetangulia mwaka jana alirudi na picha za miti myekundu kama makaa, na tangu nizione zimenikaa kichwani. Jumapili ni siku yangu ya mapumziko, na katikati ya Oktoba tutapewa siku nne. Pesa si nyingi. Niende wapi nikaione miti hiyo kwa macho yangu? — Fundi, Ilemela*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma barazani hapa Bwiru, ziwa limetulia, nikairudia tena, kwa sababu miti hiyo ilinishika hata mimi na haijaniachia mpaka leo.

Mwaka 1994 nilipelekwa Hakodate, kusini mwa kisiwa cha Hokkaido, kusomea mambo ya samaki. Nilifika wiki ya kwanza ya Oktoba. Mimi ni binti wa Magu, nimelelewa kwenye mashamba ya pamba. Kwetu jani likigeuka njano msimu haujaisha, mtu anainama, analigeuza, anatafuta mdudu. Basi nilipoona miti ya barabarani inageuka njano, mwingine upande mmoja tu, niliihurumia. Mama mwenye nyumba niliyopanga hakusema kitu. Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, akanipakia kwenye treni, safari isiyofika saa moja, tukashuka Onuma.

Onuma ni ziwa dogo lenye visiwa vingi vidogo, vingine vimeunganishwa kwa madaraja ya kutembea kwa miguu, na nyuma yake umesimama mlima wa volkano uitwao Komagatake. Nilipoviona visiwa vile nilikumbuka Ghuba yetu ya Mwanza. Ila hapa kwetu kisiwa kinabeba mawe, na kule kila kisiwa kilibeba miti, mwekundu, wa machungwa, wa njano, hata mmoja wa zambarau, na maji yote chini yake yalikuwa yameshika rangi hizo. Nilisimama darajani mpaka vidole vikafa ganzi. Niliokota majani matatu yaliyoanguka, nikayatia kwenye daftari. Habari ya majani hayo nitaimalizia kwenye barua ya mwisho.

Mwaka uliofuata nilifanya kosa ambalo sitaki ulirudie. Nilidunduliza posho miezi minne ili niende Kyoto, mji ambao kila kalenda ya Japani inauonyesha ukiwa umevaa nyekundu. Nikapanda treni inayopita chini ya bahari, kwenye handaki la Seikan lenye urefu wa karibu kilomita 54, nikabadilisha treni nyingine na nyingine, nikafika Kyoto tarehe 10 Desemba. Mahekalu yalikuwepo. Miti ilikuwa imebaki vijiti, na wazee walikuwa wanafagia majani ya kahawia kwa fagio za mianzi. Nilikuwa nimechagua mahali, sikuchagua tarehe.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, weka tarehe kwanza, mahali baadaye. Rangi hiyo haikai mahali pamoja ikakusubiri. Inasafiri, na inasafiri kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Inatoka kaskazini kwenda kusini, na inatoka kileleni kwenda bondeni. Katikati ya Septemba iko juu ya milima ya Daisetsuzan kule Hokkaido. Kyoto, kwenye bonde, inafika nusu ya pili ya Novemba. Wajapani wanaifuatilia kwenye taarifa za habari kama sisi tunavyofuatilia mvua za kwanza, wanaambiwa leo imefika hapa, wiki ijayo itafika pale. Jani la kule linaloitwa momiji, dogo, limechanika kama kiganja cha mtoto mchanga, huanza kugeuka usiku unapokuwa wa baridi kweli. Watu wa kule hutaja nyuzi 8. Mchana wa jua na usiku wa baridi kavu huleta wekundu mzuri kuliko siku za mawingu. Tufani la Septemba au Oktoba likipita, linaweza kuyang'oa majani kabla hayajaiva.

Sasa tarehe zako. Nimezipanga kama ningempangia mwanangu wa kumzaa.

Zile siku nne za katikati ya Oktoba nenda Nikko, kaskazini mwa Tokyo. Najua ni mbali na Osaka, lakini wakati huo Osaka na Kyoto bado ni kijani, ukibaki utaona kijani. Panda basi la usiku hadi Tokyo, ni nafuu sana kuliko ile treni ya kasi, na linakupunguzia usiku mmoja wa hoteli. Kutoka kituo cha Asakusa kuna treni ya Tobu, takriban saa mbili, hadi Nikko. Usiishie mjini. Mjini rangi inachelewa mpaka mwisho wa Oktoba na kuingia Novemba. Panda basi la kwenda juu, Ziwa Chuzenji, liko karibu mita 1,270 kutoka usawa wa bahari, na huko ndiko utakakokuta rangi imefika. Barabara yenyewe inaitwa Irohazaka, kona zake jumla ni 48, na jina limetoka kwenye utaratibu wa zamani wa silabi za Kijapani ambazo nazo zilikuwa 48; kona kwa silabi. Kaa dirishani. Juu kuna maporomoko ya Kegon, mita 97, yanaanguka katikati ya ukuta wa miti. Jumamosi na Jumapili foleni ya magari kwenye kona hizo inachosha, kwa hiyo panda juu siku ya kazi, na mapema. Beba koti zito. Sweta ya Mwanza haitakutosha.

Mwisho wa Oktoba mpaka wiki ya kwanza ya Novemba, Jumapili moja nenda Koyasan. Treni inaondoka Namba, palepale Osaka, kisha unapandishwa mlimani kwa behewa linalovutwa na kamba ya chuma. Mahekalu ya kule yalianzishwa na mtawa Kukai katika karne ya 9. Yako kwenye mita 800 hivi, ndiyo maana miti yake inatangulia kugeuka rangi wakati Osaka bado. Tafuta njia ya miguu iitwayo Jabara, maana yake tumbo la nyoka.

Katikati ya Novemba, Takao, kwenye milima ya kaskazini-magharibi mwa Kyoto. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote, na wageni wengi hawafiki kwa sababu lazima upande basi kisha ngazi nyingi za mawe. Hekalu la Jingo-ji liko juu ya bonde. Wanakuuzia visahani vidogo vya udongo, unavirusha bondeni pamoja na mabaya yako yote. Mimi nilirusha kimoja mwaka 1996, nilipokwenda kwa tarehe sahihi, na nakumbuka jinsi kilivyoelea juu ya miti myekundu kabla hakijapotea.

Kati ya tarehe 20 na 30 Novemba, Kyoto yenyewe. Kutoka Osaka ni nusu saa hivi kwa treni ya kawaida ya haraka, huna haja ya ile ya kasi. Hekalu la Tofuku-ji lina daraja la mbao juu ya korongo lililojaa momiji. Ukisimama juu yake unatazama miti kwa juu, kama unavyolitazama ziwa ukiwa juu ya mawe. Fika mlango unapofunguliwa. Na tarehe 23 Novemba, ambayo ni sikukuu ya taifa, usiende kabisa. Siku hiyo Kyoto ni kama soko la Kirumba samaki wanaposhuka.

Jumapili yako ya mwisho isikugharimu kitu. Minoh iko chini ya nusu saa kutoka katikati ya Osaka. Unatembea karibu kilomita tatu kando ya kijito mpaka kwenye maporomoko ya mita 33, na njiani wanauza majani ya momiji yaliyokaangwa. Ndiyo, wanakula. Majani huhifadhiwa kwenye chumvi muda mrefu, kisha yanachovywa kwenye uji mtamu wa ngano wenye ufuta na kukaangwa. Nunua mfuko mmoja umletee mama yako. Jioni ya siku hiyohiyo tembea barabara ya Midosuji katikati ya Osaka, kilomita nne za miti ya icho, ile ambayo jani lake lina umbo la kipepeo cha jiko la mkaa. Yote inageuka njano safi. Baadhi ya miti ya namna hiyo kule Hiroshima ilinusurika na bomu la mwaka 1945 na ikachipua tena.

Chakula nunua kwenye maduka madogo ya kona, vile vitonge vya wali vilivyofungwa kwa mwani. Vitatu na chai ya moto vinakupeleka mchana kutwa. Na usichume jani mtini. Okota yaliyoanguka.

*Habari Shangazi. Binti yangu anaishi Toronto, amenialika Krismasi, na mimi hamu yangu kubwa ni kuona majani mekundu ya Kanada. Je, nitayakuta? — Mama wawili, Nyakato*

Hapana, mama mwenzangu. Krismasi utakuta theluji na matawi matupu. Mwambie binti abadilishe tiketi iwe kati ya wiki ya mwisho ya Septemba na katikati ya Oktoba, kisha akupeleke Hifadhi ya Algonquin, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kaskazini mwa Toronto. Miti iliyojaa kule ni ile ambayo jani lake liko kwenye bendera yao tangu mwaka 1965, na pale ndiyo huanza mapema kuwa myekundu kuliko mjini. Hifadhi za Ontario hutoa taarifa za rangi kila msimu, binti aziangalie kabla hajaomba ruhusa kazini. Kama kinachokuvuta zaidi ni mjukuu, nenda Krismasi.

*Shikamoo Shangazi. Nafundisha Jiografia sekondari huku Sengerema. Tuliposoma majira ya nchi za baridi, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini sisi hatukupewa majani ya rangi. Darasa zima likanitazama. Nilisema hatuna baridi ya kutosha, lakini jibu halikuniridhisha hata mimi. Je, Tanzania hakuna mahali? — Mwalimu, Sengerema*

Marahaba, Mwalimu. Mpe hongera mwanafunzi huyo, ameuliza jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua.

Anza na mkungu. Sina shaka upo mmoja hapo Sengerema, kwenye ua wa ofisi au karibu na mwalo, ule mti wenye matawi yaliyolala ngazi kwa ngazi na majani mapana kama sahani. Wangu uko mbele ya nyumba. Ukame ukishika, majani yake yanageuka njano, kisha machungwa, kisha nyekundu ya damu ya mzee, yanaanguka moja moja kwa kishindo kidogo kwenye saruji. Watu wengi wanayafagia na kuyachoma. Chukua kumi, yapange mezani kuanzia la kijani mpaka jekundu kabisa, hapo una somo la dakika arobaini.

Waeleze hivi. Kijani cha jani ni klorofili. Mti ukijiandaa kuliacha jani, huvunja klorofili hiyo na kurudisha ndani yaliyo ya thamani. Njano ilikuwepo siku zote, imefunikwa. Kijani kikiondoka inaonekana. Nyekundu ni jambo jingine. Hiyo hutengenezwa upya mwishoni, na jina lake ni anthosianini, ndiyo ileile iliyomo kwenye rozela na kwenye zambarau. Kinachousukuma mti kule ni siku kufupika na baridi. Kinachousukuma mkungu wetu ni ukame. Kwa hiyo jibu lako la baridi halikuwa la uongo, lilikuwa nusu.

Nusu ya pili niliipata kwa baba yangu.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Sisi tulilima na mama Magu, yeye alikaa kwenye genge la matengenezo upande wa Urambo, akija nyumbani likizo. Yale majani matatu ya Onuma nilimtumia kwenye bahasha. Yalifika yamekuwa kahawia, nikajua hilo baadaye, lakini nilikuwa nimeeleza rangi zake kwa maneno, ukurasa mzima, na nikaandika kwamba kwetu Mungu hakuweka kitu kama hicho. Jibu lake lilinifikia Januari. Aliandika kwamba majani hayo anayajua. Kila mwaka mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijanyesha hata tone, msitu wa miombo kandokando ya reli yake unakuwa mwekundu na wa shaba, siku chache tu, kisha kijani. Aliandika kwamba alidhani kila mtu anajua. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimepanda treni ya Tabora mara nyingi, siku zote Desemba na Juni, likizo za shule. Sikuwahi kupita tarehe ile.

Nilipita Oktoba 1997, na baba, akiwa tayari amestaafu. Tulikaa dirishani upande mmoja, hakuongea sana. Alikuwa ananigusa mkono tu na kunyoosha kidole.

Basi waambie wanafunzi kwamba rangi ni ileile, anthosianini, ila kule iko mwisho wa maisha ya jani na huku iko mwanzo. Mtundu, myombo na jamaa zake wana mizizi mirefu, wanatumia akiba ya maji iliyo chini na kuchipua wiki kadhaa kabla ya mvua. Jani changa ni laini, bado halijaweza kulihimili jua la Oktoba, na wataalamu wengi wanaieleza nyekundu hiyo kama kinga ya wakati huo. Likikomaa linakuwa kijani kama mengine. Wakati huohuo mninga, kabla haujavaa majani, hutoa maua ya njano ya machungwa. Neno vuli lenyewe tunalotumia kutafsiri majira ya kupukutika majani ya Ulaya, kwetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na msitu wa miombo unazitangulia mvua hizo kwa rangi.

Safari yenyewe. Tawi la reli la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, chini kidogo ya kilomita 400. Ukitoka Mwanza kupita Fela na Malya mpaka Shinyanga, usitarajie msitu. Ni Usukuma ulio wazi, mibuyu, mawe, na hapa na pale ngitili, yale malisho yaliyohifadhiwa ambayo mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 uliyafufua. Hata hapo pana somo, kwa sababu nchi ile ilifyekwa ikawa kama jangwa na watu wameirudishia miti. Miombo unaikuta ukikaribia Tabora, na kilele chake ni mbele zaidi, Usoke, Urambo, Kaliua. Uliza stesheni treni ipi inapita Urambo mchana. Ukipita usiku umepoteza nauli. Kwa basi inawezekana pia, kupitia Shinyanga na Nzega hadi Tabora, kisha barabara ya Urambo.

Tarehe? Nusu ya pili ya Septemba mpaka katikati ya Oktoba. Haifanani kila mwaka, na miti miwili iliyosimama bega kwa bega inaweza kupishana wiki. Mimi humpigia simu mfugaji nyuki mmoja wa Urambo niliyezoeana naye kwa kununua asali. Hunijibu kwa neno moja, bado au njoo. Tafuta mtu kama huyo. Moshi wa mioto ya kiangazi utakuwepo, na pengine utapita eneo lililoungua jeusi kabisa. Usikate tamaa, mara nyingi chipukizi jekundu linatoka juu ya shina lililoungua, na hapo ndipo linapoonekana vizuri zaidi.

Kama shule haina nauli ya watoto wote, peleka wanne na kamera. Wengine wabaki na mkungu, waandike tarehe jani la kwanza lilipogeuka na la mwisho lilipoanguka, mwaka hadi mwaka. Nakuomba hilo kwa dhati, kwa sababu mimi nimeanza kuandika za kwangu nikiwa nimeshastaafu.

Arusha utaambiwa habari za jakaranda, na ni kweli, Oktoba na Novemba barabara zinakuwa zambarau, lakini hayo ni maua na mti wenyewe umetoka Amerika ya Kusini. Kitulo, kule nyanda za juu kusini, nayo ni maua, Desemba hadi Aprili. Nzuri zote. Mwanafunzi wako aliuliza majani.

Jambo moja la kuwaandaa kabla hamjaondoka. Waambie watoto waache nyumbani nguo za buluu na nyeusi. Mbung'o wa miombo wanazifuata rangi hizo kuliko nyingine zote. Wavae kaki, mikono mirefu, na maji lita mbili kila mmoja, kwa sababu mwezi huo Urambo ni joto kali na kivuli bado hakijaota.